Mabati Yangu Kwenye Moto wa Kilio

Nilipougeuza ule mkate na kuona tumbo lake, uvumilivu wangu ulikwisha.

Mume wangu ndiye aliyeuleta. Alitoka usine, kiwandani, ambako siku hizo wafanyakazi walikuwa wanakwenda kukaa tu na kutazama mashine zilizonyamaza, akaingia nyumbani na kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Alikiweka mezani kama mtu aliyeleta nyama ya Noeli. Mtoto mdogo alikuwa mgongoni mwangu, mkubwa alikuwa ameshashika kisu.

"Nilikuleteya mukate, mama," alisema. "Niliona unachoka. Kula, upumzike kiloko."

Mimi. Mwanamke aliyekuwa analisha nusu ya Panda, kambi yetu ya wafanyakazi, kwa mkate wake, nimeletewa mkate wa kununua. Lakini alikuwa ametabasamu, na tabasamu lake wakati ule lilikuwa haba kama sukari. Niliuchukua, nikaupigapiga kwa kidole, nikaugeuza. Mtu anayeoka mkate hawezi kula mkate wa mwingine kabla ya kuutazama chini.

Chini palikuwa na duara. Duara lililobonyea, limekatika upande mmoja, kama biskuti iliyong'atwa na mtoto.

"Ulitoa huu wapi?"

"Ku njia. Kuko mama mumoja anauzisha pale karibu na reli."

"Mama gani?"

"Aa, weye! Minye nilinunua mukate, sikununua mama."

Nilimwonyesha lile duara. Alilitazama, akaufikicha ukoko kwa ukucha, akasema labda ni alama ya boulangerie, nyumba ya kuokea mkate. Boulangerie gani, wakati ya mwisho mjini ilikuwa imefungwa na panya ndio waliobaki wakiilinda? Lile duara lilikuwa tumbo la bati langu. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyelikata bati lile. Alikuwa hakumbuki.

Sasa lazima nieleze mabati, maana mtu asiyejua mabati hataelewa kwa nini nilitoka nje bila viatu.

Kabla ya mambo kuharibika, mkate ulikuwa kitu cha kununua asubuhi. Kisha unga ulianza kupotea, mishahara ikafuata, na watu wa kambi wakaanza kunywa chai kavu na kusema ni nzuri kwa afya. Atelier mojawapo, karakana ya usine, ilipofungwa, wafanyakazi waliambiwa wachukue vipande vya bati vilivyobaki sakafuni. Wengine walichukua vya kuziba paa. Mume wangu alichukua kipande kinene kilichokuwa na alama ya duara iliyopigwa ndani ya chuma, akakikata na kukikunja, akanitolea mabati sita ya mkate. Kona zake alizikunja kama bahasha, bila kuchomelea, ili unga usipenye. Alama ile iliangukia bati moja tu, chini kabisa, na upande wake mmoja ulikatwa na mkasi. Kila mkate uliotoka kwenye bati lile ulikuwa na duara lake lililong'atwa. Mtoto wangu mkubwa alikuwa analia asipopewa huo.

Mabati hayo nilikuwa nayapenda kuliko sahani zangu za harusi. Yalikuwa meusi kwa mafuta ya mawese, na sikuwahi kuyaosha kwa sabuni. Nilikuwa nayapangusa kwa kitambaa tu, na mkate ulikuwa unatoka wenyewe, unaanguka mkononi. Nilikuwa na vitu vingine pia. Beseni kubwa la kukandia, lenye tundu lililozibwa kwa kipande cha ndala kilichoyeyushwa. Mwiko wa ugali wa mama yangu, uliolika upande mmoja kwa sababu mama alikuwa anakoroga kwa mkono wa kushoto, nami natumia wa kulia, kwa hiyo tuligombana mimi na mwiko ule kila asubuhi. Chupa ya bia ya kusukumia unga. Wembe wa kupasua mgongo wa mkate kabla ya kuuingiza motoni. Na nusu ya pipa, iliyolazwa, na kifuniko chake: makala, yaani mkaa, chini, na makala juu ya kifuniko. Hiyo ndiyo ilikuwa tanuru.

Levure, hamira ya dukani, haikuwepo, au ilikuwepo imelala miaka dukani hadi imekufa. Nilikuwa natumia munkoyo. Wale wa mbali wanaojua ni kinywaji tu, cha uji wa mahindi na mizizi, watashangaa. Lakini machicha ya munkoyo wa jana, yaliyoanza kuchachuka, ukiyachanganya na unga ukayafunika kwa blanketi la mtoto, yanainua mkate. Unakuwa na uchachu kidogo. Watu waliuzoea, halafu wakaupenda.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaishi. Mkate wangu ulikuwa unakuwa dagaa, unakuwa chumvi, unakuwa dawa ya malaria. Mshahara wa mume wangu ulikuwa ni habari za kusikia.

Basi, jirani wa nyumba ya tatu akafa. Fundi wa usine, mtu mpole, aliyekuwa anasalimia hata mbuzi. Kaka yake mkubwa aliyekuwa mgeni hapo nyumbani akawasha moto wa kilio mbele ya nyumba, na yule mama mzee ambaye kambi yote ilimwachia kazi ya kukusanya vyombo akapita mlango kwa mlango. Hatukuwa tunauliza vyombo vitarudi lini. Kwetu jambo hilo lilikuwa linajulikana: chombo kilichoingia kwenye moto wa kilio kinakaa na moto. Moto ukizimwa, kila mtu anachukua chake. Ukikitoa kabla, ni kama unamwita mwingine afe. Na anayeuzima ni yule aliyeuwasha, kwa mkono wake.

Wengine walitoa sufuria moja, kikombe, kiti kilichovunjika mguu. Mimi nilitoa karibu vyote. Mabati, beseni, nusu ya pipa. Niliviweka kwenye moto mwenyewe, nikaoka mkate wa kilio mwenyewe, na watu wakanywa chai wakasema marehemu amezikwa na heshima. Nilibaki na mwiko, chupa na wembe. Nilidhani ni mambo ya siku chache.

Mazishi yakapita. Kaka wa marehemu akapanda treni kwenda Kalemie kuwaarifu wakubwa wa ukoo, akasema atarudi nao kuzima moto. Halafu treni zikasimama. Hakuna aliyejua kwa nini. Mmoja alisema reli imeng'olewa, mwingine alisema hakuna mafuta, mwingine alisema treni ipo lakini mwenye kuiendesha amekimbia. Na moto ukaendelea kuwaka. Kila nilipopita niliuona: gogo moja, linatoa moshi taratibu chini ya kipande cha bati kilichowekwa kuzuia mvua. Waombolezaji wote walikuwa wamekwisha kwenda kwao. Mjane alikuwa amekaa pale peke yake na kitambaa chake cheusi, anasukuma gogo kwa mguu.

Nilikuwa sielewi. Kilio gani hiki kisicho na watu wa kulia? Nilimwuliza mume wangu, akasema niache mambo ya wafu. Nilijaribu kuoka kwenye makopo ya samaki. Yalitoka mikate ya wanasesere. Nikajaribu sufuria, chini ikaungua, katikati ikabaki uji, watoto wakaila kwa kijiko na kuniuliza hii inaitwa nini. Wateja wangu wakaacha kuja mlangoni. Nikaanza kupika ugali wa kupimia. Na nikangoja, kwa sababu mtu hawezi kwenda kudai beseni kwa mjane.

Mpaka jioni ile ya mkate wa gazeti.

Nilifika kwenye moto na mtoto mgongoni na mkate mkononi, miguu imejaa tope. Mjane alikuwa amekaa kwenye kiti changu cha kukunja, maana kumbe na kiti nilikuwa nimetoa. Mama wa vyombo alikuwa pembeni anafunga kikapu. Ndani ya kikapu niliona mikate.

"Mama, moto inasema nini?" nilimwuliza mjane.

"Inawaka."

"Na mukate nayo?"

Mama wa vyombo ndiye aliyejibu, kwa sauti ya kuwafanya majirani wafungue madirisha.

"Weye! Unakuya ku kilio na makelele? Na mukate mu mukono kama jiwe? Nani alikufundisha?"

"Yaya, geuza huu mukate. Geuza. Ile ni bati ya nani?" Nilimwita yaya, dada mkubwa, hata katika hasira.

"Mukate iko na mukongo na iko na tumbo. Minye nitajua tumbo ya kila mukate?"

"Mubaya weye! Siku yote unapita ku mulango yangu unaniuliza batoto, na mikate yangu iko mu kikapo yako!"

"Yako namna gani? Uliweka unga? Uliweka makala?"

Hilo lilikuwa kweli. Nilikuwa sijaweka unga. Mjane akainua kichwa.

"Yaya, wacha," alimwambia yule mzee. Kisha akanitazama mimi. "Sikukatala. Bati ni ya weye, pipa ni ya weye. Moto ikizima, utakamata yote."

"Na itazima siku gani?"

"Siku mwenye kuwasha atarudi."

"Treni haina!"

"Basi, moto iko."

Alisema bila ubaya. Alisema kama mtu anayekueleza njia. Nami ndiyo nilizidi kuwaka. Nilikwenda nyuma ya nyumba, ambako nilijua lazima atakuwa anakandia, na kweli mabati yangu yalikuwa pale, yamepangwa juu ya ubao, yamefunikwa kwa koti la kazi la bluu. Koti la marehemu. Nilishika ukosi wake nikalivuta.

Unga ulikuwa umeumuka. Ulikuwa umepanda hadi ukingoni, mgongo wake laini, hauna hata ufa. Nilibonyeza kwa kidole, ukarudi taratibu kama shavu la mtoto. Unga wangu mimi haukuwahi kurudi hivyo. Mabati yalikuwa yamepanguswa kwa kitambaa, sio kwa sabuni, nilinusa, nikajua. Alikuwa ameyatunza.

Nilitaka kuyabeba. Lakini ili niyabebe ilibidi nimwage unga ulioumuka, na unga wa ngano wakati ule mtu alikuwa anautafuta mpaka mji wa Kambove. Mkono haukukubali. Nilisimama pale nimeshika koti la mtu aliyekufa, mtoto ananivuta nywele, na sikujua namkasirikia nani. Mjane anayeoka kwa siri akiwa kwenye kilio? Yule mzee anayemwuzia, kwa kuwa mjane hawezi kwenda sokoni na kitambaa kichwani? Kaka wa Kalemie? Treni? Nilirudisha koti juu ya unga. Hata nilichomekea pembe, upepo usiingie, halafu nikajichukia kwa kuchomekea.

Mjane alikuwa amenifuata, amesimama kwenye kona ya nyumba.

"Weye unataka moto izime?" aliniuliza polepole.

"Minye ninataka bati yangu."

"Ninakuuliza moto."

"Na minye ninakujibu bati!"

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye kiti. Swali lile sikulielewa. Nilirudi nyumbani nimeshikilia ule mkate, na watoto wakaula, na mimi nikaula. Chumvi yake ilikuwa sawasawa. Nilikula nikiwa nimenuna.

"Kumbe ni tamu," mume wangu alisema, kisha akakohoa, kikohozi chake kile cha vumbi alichokuwa anasema ni mafua.

"Nyamaza," nilimwambia.

Asubuhi nilivaa liputa langu la misa, kitenge changu kizuri, na viatu, nikaenda ofisi ya kambi kulalamika. Nilikuwa nimesoma hadi mwaka wa nne wa sekondari. Nilijua jambo likiandikwa linakuwa na miguu. Karani alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi na meza isiyo na kitu isipokuwa karatasi chache na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Alinisikiliza vizuri. Alisikiliza vizuri mno. Nilipofika kwenye gogo linalotoa moshi, aliinama mbele.

"Moto iko inawaka bado?"

"Inawaka."

"Na weye njo mwenye bintu iko pale?"

"Minye. Pipa, beseni, bati sita."

"Bon!" Alipiga meza kwa kiganja. "Mama, unatusaidia sana. Tulikuwa tunangoja muntu kama weye."

Sikuelewa. Nilimwambia hivyo. Akanieleza kama mtu anayemeza kitu kitamu. Nyumba zile zilikuwa za kazi. Mfanyakazi akifa, nyumba inarudi ofisini mara kilio kinapokwisha. Na kilio kinakwisha moto unapozimwa. Hakuna mkubwa wa ofisi aliyekuwa tayari kwenda kumwaga maji kwenye moto wa mfu, watu wangemrukia. Lakini mwenye vyombo akilalamika kwamba moto unamzuilia vyombo vyake, ofisi inakuwa na sababu. Inatuma watu wawili na ndoo.

"Leo tu, mbele ya saa sita, utakuwa na bati yako," alisema. "Na nyumba iko na muntu tayari. Bibi ya mukubwa wangu alishaanza kushona rido."

Mapazia. Mke wa mkubwa wake alikuwa ameshapima madirisha.

Nilikaa pale. Nakumbuka nilikuwa natazama uzi ule wa kalamu. Kumbe gogo lile moja, alilokuwa analisukuma kwa mguu mvua ikinyesha, ndilo lililoshikilia paa. Moto ukifa, yeye na watoto wake wanatoka na magodoro yao. Na ili moto usife alihitaji makala, na ili apate makala alihitaji kuoka, na ili aoke alihitaji mabati yangu. Ndiyo maana aliniuliza moto nami nikamjibu bati. Angeniambia tu! Nilimkasirikia upya kwa kutoniambia. Halafu nikafikiri: angeniambia vipi, na madirisha yote yamefunguka, na mimi ndiye niliyeyafungua kwa kelele zangu?

Na nyumba yangu nayo ilikuwa ya kazi. Na mume wangu alikuwa anakohoa.

Lakini bado nilitaka mabati yangu. Nisidanganye mtu. Watoto wangu walikuwa wamekula uji wa mkate kwa kijiko, na huruma haiokwi. Nilikuwa nimekuja kulalamika, na singetoka bila kulalamika.

"Ninaandika," karani alisema, akavuta karatasi ya malalamiko. "Plainte. Contre qui? Unashitaki nani? Bibi ya marehemu."

"Hapana."

"Namna gani hapana?"

"Lete kalamu. Nitaandika mwenyewe."

"Mama, inaandikwaka mu kifaransa."

"Unajua Kiswahili?"

"Ninajua, lakini..."

"Basi utasoma."

Nilivuta kalamu, uzi ukaivuta na meza. Niliandika nikiwa nimesimama, mtoto mgongoni ananitemea mate begani. Karani alikuwa anasoma kutoka upande wake, herufi zimegeuka juu chini, na kila nilipomaliza mstari uso wake ulikuwa unarefuka.

"Ile haina plainte," alisema.

"Ni plainte. Piga muhuri."

"Mukubwa hatafurahi."

"Na minye ninafurahi? Unaniona ninacheka? Piga muhuri, ao nitaketi hapa mpaka treni ya Kalemie ifike."

Alinitazama, akatazama viatu vyangu, nadhani akaona nimevaa vya kukaa. Akapiga muhuri. Kilichoandikwa ni hiki, na sijui hadi leo kama niliandika kwa akili au kwa hasira:

"Mimi niliyetia sahihi hapa chini, mama wa watoto wawili, mke wa mfanyakazi, mkazi wa kambi hii, namlalamikia kaka mkubwa wa marehemu, aliyewasha moto wa kilio mbele ya nyumba ya mdogo wake akaondoka bila kuuzima. Vyombo vyangu vya kuokea mkate vimebaki kwenye moto huo, navyo ni nusu ya pipa na kifuniko chake, beseni moja lenye kiraka, na mabati sita, moja likiwa na alama ya duara lililokatika. Kwa desturi yetu sote hakuna awezaye kuuzima ila yeye, wala ofisi hii haiwezi. Naomba aitwe kutoka Kalemie, aje mwenyewe, kwa treni. Hadi atakapofika naomba mtu yeyote asimwage maji mahali pale, kwa sababu pipa likimwagiwa maji likiwa na moto linapasuka, na nitaidai ofisi pipa jipya. Naomba pia niruhusiwe kuoka mkate wangu katika mabati yangu mahali pale pale yalipo, siku moja yangu na siku moja ya mjane, kila mtu na unga wake, makala kwa zamu. Mjane hakuniibia. Lakini alipaswa kuniambia, na hilo pia liandikwe. Zamu ya kwanza iwe yangu."